Kifundo cha Juu

Darubini ya bunduki ina vifundo viwili.
Cha ubavuni huipeleka risasi kushoto na kulia,
cha juu huipandisha na kuishusha.
Ukikizungusha kwa ukingo wa sarafu kinalia ta,
ta, kama mjusi aliyejificha darini,
na kila ta moja ni nusu ya upana wa ukucha
kwenye hatua mia.

Hayo nilifundishwa siku niliyokabidhiwa,
pale ghalani Mokowe: risasi tano, sahihi tano,
na karani aliyelamba kidole kabla ya kufunua daftari.

Mwezi wa nne nilitumwa ziwani, kwa kiboko.
Alikuwa mbali, masikio tu juu ya maji.
Nikakipandisha kifundo mzunguko mzima,
nikalala kifudifudi hadi adhuhuri.
Kiboko akazama, asiibuke.
Nikala wali wangu baridi, nikarudi,
na mzunguko ule nikarudi nao.

Ubaya wa mzunguko mzima ni huu:
namba hurejea palepale.
Sifuri inasomeka sifuri,
kumbe ni sifuri ya ghorofa ya pili.

Basi nikafika kwa Kadzo Mwaringa, nyuma ya Hindi.
Mahindi yamelala chini kama yaliyofumwa mkeka,
na katikati yake mbogo dume, pembe moja butu,
yuleyule aliyemrusha mtu kisimani juma lililopita.
Hatua mia, pengine na kumi. Upepo hakuna.
Nikaweka msalaba nyuma ya bega,
nikatoa pumzi nusu, nikafyatua.

Risasi ikamchana mgongo.
Akaingia kichakani na maumivu niliyompa mimi.

Siku mbili tulimfuata, mimi na Jilo,
tone la damu kwenye jani, kisha hakuna, kisha tone.
Siku mbili nilikuwa na wa kumlaumu:
barabara ya makorongo inayolegeza hata meno,
chumvi inayokula bawaba za milango,
na Jilo, aliyeipakata bunduki garini.
“Uliigonga,” nilimwambia. “Sema tu, uliigonga.”
Jilo akatema mate pembeni, akaendelea kusoma nyayo.

Tulimkuta amesimama, nzi wamemvaa.
Nilimmaliza kwa hatua ishirini,
jicho tupu, juu ya mtutu.
Sitaki kuyaeleza macho yake.

Machimboni nilisimamisha katoni ya friji,
nikailaza bunduki juu ya gunia la mchanga,
nikapiga tatu.
Zote tatu zilikaa pamoja, kama vifaranga,
dhiraa nzima juu ya alama.
Bunduki iliyogongwa hutawanya.
Hii ilikuwa inatii, neno kwa neno,
amri niliyoitoa ziwani nikaisahau.
Nikashusha, nikihesabu kwa sauti: ta sitini.

Nyumbani nikamwomba Zeituni rangi yake ya kucha,
ile nyekundu ya harusi ya dada yake.
“Umeoa wa pili?” akauliza.
Nikasema ndiyo, na ana kucha mbili tu.
Hakucheka sana. Akanipa kichupa, kimebaki robo.

Mstari peke yake hautoshi, nimeshajua:
mzunguko mzima huurudisha mstari mahali pake.
Nikatia tone nene juu ya ungio lenyewe,
nusu kwenye kifundo, nusu kwenye shina, likakauka.
Kikiguswa, rangi itapasuka,
na rangi iliyopasuka haina namba ya kukudanganya.

Kila alfajiri, kabla ya sahihi,
napitisha dole gumba: laini. Laini.

Kipo kifundo kingine, cha ndani,
ambacho sijakirudisha hata ta moja.

Jana Jilo aliinama akaitazama ile rangi.
“Nani kaitia?”
“Mimi.”
Akasubiri, mkono juu ya mlango wa gari,
akasubiri zaidi ya swali lake.
Dereva akawasha injini.