Mstari Mmoja wa Fomu

Fomu ya idara ina mstari mmoja tu:
"Spishi inayofugwa."
Mstari wenyewe hautoshi hata jina la mkwe wangu.
Nimekaa na kalamu tangu saa mbili,
kahawa imepoa, imeota utando.

Niandike nini?
Kwamba maji huingia kwa changu kwanza,
wale wenye utepe wa dhahabu kati ya macho,
wanakula, wanakunya,
na maji yakitoka kwao yamekuwa kama ya kuoshea masufuria?
Kwamba hatuyamwagi?
Hushuka kwa chaza, nao huchuja, huchuja,
kimya, kama waumini wa benchi la nyuma.
Chini yao jongoo bahari wanafagia sakafu
bila haraka na bila mshahara.
Na kile kilichobaki, kisichoonekana kwa jicho,
ambacho Lisandro hukiita naitrojeni
na mimi nakiita shombo,
huliwa na mwani hadi ukanenepa,
hadi Jumanne tukauvuna kwa reki kama majani ya ng'ombe.

Uchafu wa huyu, sahani ya yule.
Sikufundishwa hilo chuoni. Mama yangu alifuga nguruwe.

Mabwawa haya yalikuwa ya chumvi.
Baltazar aliyakwangua miaka thelathini na mmoja
mpaka visigino vyake vikapasuka kama udongo wake.
Chumvi ikaanguka bei, tukayaacha,
heroe wakayarithi.
Mwanangu akaenda Luxembourg kupaka rangi nyumba za watu.
Ndipo akaja Lisandro na matangi, na mabomba,
na kompyuta inayosoma pumzi za samaki,
akaniuliza: Dona Ercília, unajua kufungua malango?
Muulize bata kama analijua tope.

Sasa, usiku ule wa Agosti.
Umeme ulikatika saa tisa na robo.
Pampu ikakohoa mara moja, ikanyamaza.
Jenereta ikagoma.
Kimya cha pampu hakifanani na kimya kingine chochote.
Changu wakaja juu, vinywa wazi,
mamia ya midomo ikibusu hewa isiyowatosha.
Lisandro akalikimbilia lango la mwani:
"Tufungue! Mwani una oksijeni!"
Nikamkamata mkono.
Mchana, ndiyo, mwani hutoa.
Usiku nao huvuta, kama sisi sote.
Gizani kila mtu ni mdai.

Nikatazama mwezi. Bamvua, na maji yanajaa.
Nikakumbuka lango la mbao, la Baltazar,
ambalo ramani ya Lisandro imeliandika "halitumiki".
Tulilipiga kwa nyundo, kwa mtaimbo,
kwa matusi ambayo padri hajapata kuyasikia,
mpaka likaachia,
na bahari ikaingia yenyewe,
baridi, ikinguruma,
bila waya.
Mkizi, wale walioingia zamani bila hodi,
wakaanza kuruka.
Wanasema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi.
Usiku ule hatukuvua kitu. Tulifurahi tu, tumelowa hadi kiunoni.

Kulipokucha tulihesabu:
changu mia mbili na kumi na saba wamekufa.
Chaza hawakujua hata kwamba kulikuwa na usiku.
Lisandro alikaa ukingoni akalia kidogo,
akala mkate na mwani niliokaanga na mayai,
akaomba tena.

Haya. Mstari mmoja.
Mkaguzi anakuja saa nane.
Nimeandika "changu", nimekata.
Nimeandika "chaza na wenzake", nimekata,
karatasi imeanza kutoboka.
Nimeandika "maji".
Halafu nimeigeuza fomu.
Nyuma hakuna mistari, nyeupe tupu kama bwawa la Julai,
na nimeanza na lango la Baltazar,
mbao ya msonobari, bawaba mbili, moja imevunjika.