Natoboa Nisijenge

Pistoni ya nne iliyeyuka mwaka juzi, msimu wa kharifu,
napanda kutoka Salalah na tani arubaini za saruji,
ukungu umelala barabarani kama ng'ombe wa mlimani,
siuoni hata moshi wangu mwenyewe.
Zamani ningejua. Ningesikia
injini ikibadili sauti, kama mtu anayemeza mate
kabla ya kusema uongo.
Lakini sikio la kushoto limestaafu kabla yangu,
na la kulia husikia linalotaka.

Fundi Shaukat aliifungua hapa Thumrait,
akanitilia kiganjani donge la aluminiamu,
jepesi, laini, limeshapoa.
"Lako hili," akasema. "Umelilipia."
Ninalo mpaka leo, sandukuni,
pamoja na pasipoti ya mama iliyogongwa muhuri Unguja.

Basi, geji.
Dukani Sanaiya walikuwa nazo aina tatu.
Ya kwanza namba za kijani, hazitulii:
mia sita na kumi na mbili, mia sita na arubaini, mara thelathini na tatu,
kama watoto wanaojibu swali kabla halijaisha.
Ya pili hulia joto likizidi. Nikacheka.
Muuzaji hakuelewa, nikamwonyesha sikio.
Ya tatu ina mshale tu, na wekundu pembeni.
Mshale haubishani. Hunyoosha kidole.
Nikachukua ya mshale, riali thelathini na mbili,
na waya wake mita tano,
na kipimo chenyewe, chembamba kama msumari wa kobazi,
ambacho ndicho kitakachokaa motoni
mimi nikinywa chai.

Kutoboa wapi?
Mwanangu Hilal, kwa simu kutoka Maskati:
"Baada ya tabo, baba. Ncha ikikatika
isije ikaingia kwenye mapanga."
Hoja nzuri. Nimemsomesha.
Shaukat akafuta mikono, akafuta tena.
"Baada ya tabo moshi umeshapoa digrii mia, pengine mia mbili,
na hujui ni ngapi.
Ukitaka habari za nyumba ya mtu, mbishie mlango.
Usimngoje barabarani
akishanawa uso."

Kabla ya tabo, basi.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuwa na lori.
Mimi natoboa nisijenge.

Keekee imepakwa grisi ili unga wa chuma unate.
Anatoboa kidogo, anachomoa, anafuta kwenye karatasi nyeupe,
anatoboa kidogo.
Punje moja tu ikibaki ndani
feni itaisaga, kisha itajisaga.
Kazi yangu kushika tochi.
Miaka thelathini na moja ya usukani, na kazi yangu kushika tochi!
Ilipobaki ngozi ya mwisho akaniambia washa injini,
na pumzi ya lori ikatoka kwenye tundu,
ikatema nje vumbi la chuma,
ya moto, nyeusi, ikaniunguza nyusi.
Sikusogea. Nilikuwa sijawahi kuuona
moshi ukitokea karibu hivyo na moto wake.

Geji nikaifunga kushoto kwa usukani,
upande wa sikio lililokufa.

Safari ya kwanza, saruji ileile, mlima uleule.
Tambarare: mia tatu na themanini.
Kona ya kwanza, mia tano na hamsini.
Kona ya wale ngamia, mia sita na tisini,
na mguu wangu, mkongwe huu mkaidi, bado unakandamiza.
Injini haikulalamika. Au ililalamika.
Nikashusha gia. Nikainua mguu.
Mshale ukangoja,
kisha ukarudi polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Nyuma kijana wa pikapu alikuwa akiwasha na kuzima taa.
Akanipita, mkono nje, mdomo wazi.
Kama alipiga honi, aliipiga kushoto.