Daftarini Hakuna Safu ya Ndege

Miaka kumi na tisa nashika zamu ya usiku
katika kituo cha afya, hapa Nguruka,
na ndege wangu ni wawili.

Bundi anakaa juu ya tangi la maji,
uso kama sahani iliyofutwa harakaharaka.
Shingo yake huzunguka hadi mgongoni
bila mabega kupata habari.
Hasemi sana. Neno moja, kisha kimya kirefu
cha mtu aliyekumbushwa deni.
Akilia, wauguzaji hutoka na kandambili,
na mawe, na jina la Mungu.
Ntakandi mlinzi ana manati kwa ajili yake tu.

Kurumbiza yumo kwenye mpera, nyuma ya jiko,
nyusi nyeupe, kifua rangi ya mawese.
Humtangulia jogoo wa Mama Gwimo.
Huiga kila kitu: mluzi wa wachungaji, mwewe,
na mwaka huu amejifunza breki za treni ya Kigoma.
Wagonjwa hugeuza vichwa wamsikie.
"Huyu ana baraka," alisema Yusta, kitanda cha nne.

Asubuhi naokota chini ya tangi
matonge ya manyoya aliyoyatapika bundi.
Nililichambua moja kwa pini:
mafuvu matatu ya panya, meno yote yapo.
Panya hawa hawa watafunao maboksi ya dripu,
waliomng'ata kidole mtoto wa Bukuru
akiwa na siku mbili duniani.
Kurumbiza anakula mchwa. Hatudai, hatumdai.

Umeme ulipokatika juzi
nilisoma daftari la vifo kwa tochi.
Saa kumi na moja na dakika kumi.
Saa kumi na mbili kasorobo.
Saa kumi na moja.
Saa kumi na moja na nusu, Yusta,
na mperani breki za treni zilikuwa zinalia
wakati treni yenyewe bado iko Malagarasi.

Karibu wote wameondoka katikati ya ule wimbo.
Sijaona jiwe likirushwa mperani.

Nikamweleza Ntakandi. Akavuta mpira wa manati,
akauachia, akafikiri.
"Kwa hiyo, sista, nimpige yule mwingine?"

Nikamwambia achemshe chai.
Juu ya tangi shingo iligeuka,
ikatutazama sisi wawili,
ikarudi kwa panya.