Makabidhiano

Tahmina,
kabla hujakikalia hicho kiti, jua kwamba kinayumba.
Mguu wa nyuma, kushoto. Nimeukunjia chini
tangazo la tamthilia yetu ya kwanza,
iliyotazamwa na watu kumi na wawili,
wanne kati yao wakikimbia mvua tu.

Huu ni ufunguo wa mlango mkubwa. Uvute kwanza, ndipo usukume.
Huu ni wa stoo.
Huu sijui ni wa nini;
nilikabidhiwa, nami nakukabidhi.

Ndoo za njano ni za paa.
Ya kwanza juu ya piano, mvua ikitokea upande wa Pendle.
Miaka ishirini na mitatu niliomba fedha za paa,
na kila mara wakanipa fedha za ubunifu.
Nikabuni. Nikanunua ndoo.

Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi:
watadhani kazi yako ni kupanga viti.
Watakuja wakubwa wa halmashauri wakuulize
sanaa inamlisha nani hapa Burnley.
Usibishane. Waalike Alhamisi, saa nne asubuhi,
waone foleni ya unga na maharage ya kopo
ikikatiza katikati ya mazoezi ya kwaya,
na yule baba wa mfuko mtupu, kofia hadi machoni,
aliyesimama kando ya sauti nzito
akasahau kwa robo saa kilichomleta.
Unga aliondoka nao. Nilihakikisha.

Jengo hili lilikuwa kiwanda, watakueleza wenyewe.
Mimi sikuwahi kuwaeleza
kwamba baba yangu alilima pamba Kwimba,
akaipeleka kwenye mizani ya chama,
akafa hajui ilikoishia.
Tulipong'oa mbao za sakafu, mwaka wangu wa tatu,
tulikuta nyuzi kwenye nyufa, kijivu kama mvi.
Nilizitia kwenye bahasha, droo ya chini.
Hiyo sikukabidhi.

Sasa, Doreen.
Doreen Haworth, miaka themanini na sita,
alifuma humu humu tangu ana kumi na mitano,
mitambo ikipiga kelele hata jina lako hulisikii,
wakajifunza kuzungumza kwa midomo mitupu.
Mimi, na shahada zangu, nilimpa kazi ya kumimina chai.
Jumamosi moja akaletwa Callum, kiziwi, miaka tisa,
akajiviringisha kwenye pazia, mama yake akituomba radhi.
Doreen akaweka birika chini.
Akasema naye toka upande wa pili wa ukumbi,
neno kwa neno, bila sauti.
Sijui alimwambia nini. Nimeuliza; wananicheka.
Siku hizi taa zote za jukwaa ni zake Callum.
Kwenye ripoti ya mwaka ule, mahali pa matokeo,
niliandika: mtoto mmoja alitoka kwenye pazia.
Wakairudisha, wakitaka asilimia.

Makosa pia nakuachia.
Nilimkaripia mpiga ngoma mbele ya watu, hakurudi tena.
Mwanangu alihitimu mimi nikiwa kwenye kikao cha bima;
picha yake ipo hapo ukutani, nimeikata gazetini
kama mtu yeyote.
Siku watakapokuimbia kwa siku yako ya kuzaliwa,
jengo zima, nawe ukatamani kulia,
kumbuka kuna mtu nyumbani ameweka sahani
akaifunika.

Chai ya Doreen, sukari mbili. Usimwulize daktari wake kasema nini.
Alhamisi nitakuja. Sijajua bado
nitapanga mstari upi, wa sauti au wa unga;
pensheni yenyewe hujaiona.

Sikia. Tone.
Tazama, nimeshainuka, mkono uko kwenye ndoo.
Haya, ishike wewe.
Niachie mimi kiti cha wageni,
niisikilize ikijaa.