Tutaona

Mwaka wa kwanza wa kuitwa meneja
nilimwandikia mnunuzi wa Rotterdam. Kwa Kiingereza,
lakini moyoni neno lilikuwa moja: tutaona.
Kuanzia Igogo hadi Nansio kila mtu anajua
hiyo ni hapana iliyovaa shati la kanisani.
Yeye akaliingiza kwenye shajara, akalipa tarehe,
akakodi chumba cha baridi.
Tani kumi na nane za nafasi tupu
zikaniletea ankara.

Kisha akaja Bwana Liang kufuata mabondo.
Aliyainua moja moja kwenye mwanga wa dirisha
kama mtu anayesoma barua za mzazi wake.
Nikataja bei. Akanyamaza.
Mimi ni binti wa Magu; kwetu
anayenyamaza mbele ya bei ameshaudhika.
Nikapunguza. Akanyamaza.
Nikapunguza tena.
Mkalimani aliniambia baadaye, akipuliza chai:
alikuwa anahesabu tu.

Jiwani, aliyeniachia kiti,
alikuwa na lugha tano na hasira moja.
Mimi nilikuwa na cheti cha Nairobi
na neno mkakati, mara kumi kwa siku.
Nikasoma. Nikajua Valensia hawapigiwi simu saa ya chakula,
nikajua kadi ya Mjapani hupokelewa kwa mikono miwili
(kama kikombe cha mama mkwe, sikuwa nimewaza hivyo).
Wiki hiyohiyo nikabandika tangazo:
hakuna kubadilishana zamu.

Ijumaa, jua likigusa maji upande wa Kamanga,
Bhoke aliweka kisu chini.
Oda ilikuwa inasubiriwa na ndege.
Nikasema, samaki hajui Sabato.
Akajibu bila kupandisha sauti:
"Samaki hajui. Mimi najua."
Visu kumi na kimoja vikalala kando ya chake,
na vingine havikuwa vya Wasabato.

Nilisimama na buti zangu nyeupe,
barafu ikiyeyuka kwa sauti ndogo.
Ndipo Mwanaidi akavua glavu:
"Ijumaa saa sita nikienda msikitini
Bhoke hukata samaki zangu.
Jumamosi mimi hukata zake.
Miaka sita sasa.
Tulidhani unajua.
Tulipoona tangazo, tukasema huyu ametuchukia."

Ratiba yangu ilikuwa na rangi nne,
nimeivika plastiki.
Ratiba ya kweli ilikuwa chumba cha makoti,
kwenye kalenda ya duka la unga, kwa penseli:
herufi za Mwanaidi zilizobanana,
na vijisamaki vya Nyanjura, ambaye hakwenda shule,
kichwa kulia ni mchana, kichwa kushoto ni usiku.
Kuisoma kulinichukua zamu nzima.
Tangazo nililibandua mwenyewe,
gundi ikabaki ukutani, ipo mpaka leo.

Ndege iliondoka na nusu ya mzigo.
Sitaki kusema uongo hapa. Tulipata hasara,
na Valensia walichelewa kunisamehe.

Siku hizi Rotterdam nawaandikia hivi:
Hapana. Si kabla ya tarehe tisa.
Vidole vinaniwasha kama nimemtukana mgeni mlangoni.
Wao hujibu, Asante sana,
na huwa hawatanii.

Juzi Bwana Liang alinyamaza.
Nikanyamaza.
Umeme ukakatika, jenereta likakohoa, likashika.
Akataja bei mwenyewe, na haikuwa nzuri.
Nikamwambia haifai,
kisha nikamwekea kichwa cha sangara, cha mgeni,
na tukala tukiwa bado hatujakubaliana.
Alimaliza macho yote mawili.
Sijui hiyo ina maana gani kwao.
Nitamuuliza.

Na kwenye kalenda ya unga, mwezi ujao,
nami nimo: Jumamosi ya pili, meza namba tatu,
kisu cha Bhoke.
Nyanjura amenichorea samaki asiye na kichwa.
Anasema bado hajaamua
nimegeukia wapi.