Orodha ya Vitu vya Kanisa Kuukuu

Kamati imenipa daftari, kalamu na siku moja.
Andika kila kitu, Aikande, kabla tingatinga halijapanda kutoka Moshi.
Safu tatu: kitu, hali yake, kipelekwe wapi.

Nimeanza na kuta.
Mawe ya mtoni, hayakuchongwa, yamekubaliana tu.
Unene: mkono wangu mzima na nusu ya mwingine.
Kwenye kona, usawa wa goti,
alama ya kidole imelala ndani ya chokaa
tangu siku chokaa ilipokuwa mbichi.
Kidole cha nani, daftari haliulizi.

Madirisha sita, membamba,
kama macho ya msikilizaji katikati ya mahubiri.
Moja bado lina kioo cha bluu.
Mengine yaliondoka na mvua ya mawe,
yakazibwa kwa mbao za kreti za soda.

Paa: mabati. Boriti za mringaringa,
nyeusi kwa masizi ya karabai za mikesha.
Upande wa mlima panavuja.
Ndoo ipo. (Ndoo niiandike?)

Mimbari, ngazi tano; ya tatu inalia.
Wachungaji wetu wote walijifunza kuiruka,
mgeni tulimjua kabla hajafungua kinywa.

Ubao wa nyimbo. Namba za bati, hazitoshi:
tisa zote ni sita zilizosimama kichwa chini.

Birika la ubatizo, jiwe moja lililochimbwa,
kinu kisichojua mchi.
Maji yake yalitoka kwenye mfongo unaopita nyuma ya sakristia;
asubuhi ya Jumapili zamu ilikuwa ya kanisa,
migomba ya watu ikangoja.
Humu nilitiwa maji mimi,
siku ya Jumatano, mlango umerudishwa,
mashahidi wawili, na kuku nje.

Meza ya mnada, karibu na mlango.
Ina doa la utomvu wa ndizi, pana kama sahani,
na nyufa zilizokula senti za vizazi.
Hali: inayumba. Ipelekwe: kanisa jipya.

Mabenchi ishirini na mbili,
kushoto wanawake, kulia wanaume,
kazi ya babu yangu Nderingo, fundi wa randa na kauli chache.
Juu yameng'azwa na makalio ya waumini.
Chini, ukipitisha mkono, yanachoma vibanzi.
Kwani nani hukagua chini ya benchi?

Halafu hili.
La ishirini na tatu, fupi, halina mgongo,
limesukumwa nyuma kabisa, chini ya kamba ya kengele.
Benchi la waliotengwa.
Wazee wa kanisa walimwagiza babu alitengeneze
mwezi uleule tumbo la binti yake lilipoanza kusema.
Ndeanasia, mama yangu, alikaa hapa Jumapili thelathini na moja,
akiimba kwa kufumba mdomo,
mimi nikiwa ndani yake nikisikiliza kwa mgongo.
Babu alikaa mbele, hakugeuka hata mara moja.
Nyumbani tulilijua hilo, tulikua nalo.

Leo nimepiga magoti nipime miguu yake.
Nimepitisha kiganja chini ya ubao
nikisubiri kibanzi.

Laini.
Chini nako kumepigwa randa, kisha msasa,
kisha nadhani nta, maana vidole vimeteleza.
Kingo zimeviringwa mahali paja linapokaa.
Na kwa ndani, pasipoonekana na mtu aliyesimama,
amechonga jani moja la isale,
jani la mtu anayekuja kuomba radhi
na hana maneno.

Mama amekufa hajawahi kuinama hapa.
Au aliinama. Jumapili thelathini na moja ni nyingi,
na mkono wa mwenye mimba hutafuta pa kushika.

Kitu: benchi.
Hali: nzuri kuliko yote.
Safu ya tatu nimeikalia.
Mlangoni Kowero anatikisa funguo,
ananiambia giza linaingia
na kengele bado sijaihesabu.