Usicheke, Tafadhali

Pazia jeupe, kiti kisicho na mgongo,
taa mbili, kioo kidogo cha kuwekea sawa mtandio.
Miaka kumi na tisa hapa Falaj al-Qabail
nasema maneno yale yale kwa lugha nne:
Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke, tafadhali.
Serikali haipokei meno.

Ndivyo nilivyomjua Restituta wa Bukoba.
Aliingia mchana, viatu vina unga wa saruji,
akanikuta nafoka kwenye simu na mama,
Kipemba kile ambacho nusu karne ya kahawa na tende
haikukiua,
akashika kifua: "Kumbe dada, wewe wa kwetu!"
Wa kwetu.
Mimi nina kitambulisho cha nchi mkobani,
yeye pasi yake imelala kwenye droo ya mtu.
Nilimpunguzia nusu riali.

Mwezi wa tano bila mshahara, wakaketi.
Hawakurusha jiwe, hawakuchoma tairi.
Waliketi tu mbele ya lango la kampuni,
wanaume kwenye kivuli cha lori,
wanawake juani, maana kivuli kiliwaishia,
na Shofiqul wa ghalani kaandika juu ya katoni la maziwa:
MIEZI MITANO.
Basi. Hakutia kitenzi.

Nilikwenda na kamera ya harusi.
Nilijiambia naenda kuwa shahidi. Neno zuri, shahidi,
hukaa vyema kinywani mwa mtu aliyeshiba.
Na niseme ukweli: nilikuwa natafuta huzuni.
Nilitaka kovu, nilitaka chozi
lenye nuru ya ubavuni.
Badala yake mtu akatoa ndizi moja,
ikapita mikono kumi na minne,
ikarudi kwa mwenyewe ingali nzima,
kila mmoja kamwachia mwenziwe,
na safu yote ikaangua kicheko.
Restituta kinywa wazi, pengo la jino la pembeni.
Nikabonyeza.

Nyuso ishirini na tatu.
Hakuna aliyeinua kidevu.

Nilimtumia binamu yangu, mmoja tu. Naye akampa mmoja tu.
Picha haivai viatu, haigongi mlango.
Siku ya nne ikarudi dukani imechapwa karatasini,
mkononi mwa kijana mpole, dishdasha imenyooka kwa pasi.
Aliomba maji. Alikaa kwenye kiti changu kisicho na mgongo.
"Bi Thuwaiba, hawa wote umewahi kuwapiga picha.
Nisaidie majina tu."
Kalamu yake ilikwishayazungushia duara
meno ya watu.

Nikasema: siwajui.
Nikasema: mimi nawajua watu wasiocheka.
Ulikuwa ukweli, ulikuwa na woga pia,
na hadi leo napepeta ungo
sijui kipi mchele, kipi chuya.
Usiku ule niliifuta kadi, nikaifuta tena,
kisha nikaiponda kwa mchi wa mama wa iliki.
Kinu kizima kikanuka plastiki.

Walimpata. Majina walikuwa nayo tangu zamani,
kwenye droo ile ile.
Hawakunihitaji mimi hata chembe.
Nilivunja bure.

Juzi sauti yake, kutoka kwao,
mvua inapiga bati nyuma yake:
"Dada, ya miezi miwili walilipa,
mitatu nimemwachia Mungu.
Ila ile picha ya ndizi, nitumie.
Mama anasema amesahau nikicheka nafananaje."

Sijajibu.
Nina bahasha yake,
picha nne zilizobaki kati ya nane,
sentimita nne kwa sita, pazia jeupe,
masikio yote mawili yanaonekana,
mdomo umefungwa
kwa amri yangu.